Mtaalamu wa Mifugo: Mchague Ng'ombe Wakiwa Wazima

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga, kuanzia Pongwe mpaka Muheza na Korogwe, humtafuta mtaalamu ng'ombe akishalala chini. Saa hiyo hakuna kuchagua. Atakayepokea simu ndiye atakayekuja. Tafuta mtu wako mapema, ng'ombe wakiwa wanakula na kucheua vizuri.

Anza na uhalali. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, daktari wa mifugo lazima awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na wataalamu wasaidizi nao huorodheshwa na Baraza hilo hilo. Kumwomba mtu akuonyeshe cheti chake si kumvunjia heshima. Msaidizi makini anafaa sana kwa kazi za kila siku. Muulize tu ni daktari gani anayemsimamia, maana jambo likimzidi huyo ndiye ataitwa. Mhamilishaji, yaani mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, naye asigeuzwe tabibu wa kila ugonjwa kwa sababu tu ndiye mwenye pikipiki.

Kisha mwangalie anavyopima. Pwani yetu ina joto na unyevu, kupe hawakosekani, na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, huua upesi ndama na ng'ombe chotara. Mtaalamu wa kweli hafungui mkoba wa dawa kwanza. Huuliza ng'ombe ameanza lini kukataa majani, ameogeshwa lini, amezaa lini. Huingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa na kusubiri: kawaida ni kama nyuzi 38.5, ikipita 39.5 hiyo ni homa. Hupapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, hufunua ukope kutazama wekundu, huuliza rangi ya mkojo. Ikiwezekana huchukua damu au majimaji ya tezi kwenye kioo yakatazamwe kwa hadubini. Ndigana kali, ndigana baridi na mkojo damu zote huleta homa, lakini dawa zake si moja. Anayechoma antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwa kila homa anakupotezea siku, na ndigana kali haikusubiri.

Na asiondoke bila kukuandikia jina la dawa, kipimo, na siku ambazo maziwa hayatauzwa wala kunywewa kwa sababu ya mabaki ya dawa. Kwangu mimi hiki kinapita vyeti vyote. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, yako huchanganywa na ya wenzako kwenye tangi moja, na watoto wamo kati ya wanaoyanywa.

Mlipe kwa ushauri wake, si kwa chupa za dawa tu; anayeishi kwa faida ya dawa ataona haja ya dawa kila akija. Kubalianeni ziara za kawaida: ratiba ya kuogesha, kupima kiwele, kupima ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huambukiza watu pia. Chanjo ya ndigana kali hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwa hiyo ni nafuu wafugaji wa kituo kimoja cha maziwa wakimwita mtaalamu pamoja.

Baada ya miezi sita fungueni daftari mkiwa pamoja: ndama waliokufa, maziwa yaliyokataliwa, ng'ombe waliochelewa kushika mimba baada ya kuzaa. Hali ikiwa mbaya, msikilize kwanza, huenda kasoro iko kwenye malisho au banda. Asipotaka kabisa kulitazama daftari, tafuta mwingine.