Njia ya skii ya siku ya kwanza: namna ya kuichagua kwenye mlima usioujua

Msimu wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni, huko Ulaya huanza Desemba, huku kwetu kaskazi ikiwa imeanza kuvuma na korosho nyingi zimeshapita mnadani, ukaendelea hadi Machi au Aprili. Ndio wakati ambao vijana wa Mtwara na Lindi walioko masomoni Norwei, Ujerumani au Japani huambiwa na wenzao, "Jumamosi twende mlimani." Mwongozo huu ni wa yule ambaye hajawahi kukanyaga theluji na anataka kurudi na magoti yake yote mawili. Anayetaka kujaribu bila kutoka Afrika anaweza kwenda Afriski, kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, ambako msimu ni Juni hadi Agosti, au Oukaïmeden, karibu na Marrakech nchini Moroko. Kilimanjaro ina barafu lakini haina lifti (mitambo ya kupandisha watu mlimani) wala njia za skii, kwa hiyo tuiache.

Wenzako watakwambia, "Shika tu njia ya bluu, ni rahisi." Usikubali upesi. Rangi hukupa jina la njia nzima, lakini wewe utaangushwa na kipande kimoja tu, na kipande hicho ndicho cha kutafuta kabla hujapanda.

Rangi na maana zake

Kila njia ina rangi kwenye ramani na kwenye nguzo zilizochomekwa kandokando yake. Ufaransa, Norwei na Uswidi huanza na kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi, Ujerumani na Italia kwa kawaida hawana kijani, hivyo bluu ndiyo ya chini kabisa. Japani wana kijani, nyekundu na nyeusi. Nyekundu yao ni ya kati, kwa hiyo aliyezoea Ulaya huiogopa bure, na aliyetoka Japani huivamia ya Ulaya akajuta. Marekani na Kanada huongeza maumbo: duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi.

Austria na Ujerumani, njia ya bluu inatakiwa isizidi mteremko wa asilimia 25, na nyekundu isizidi 40, isipokuwa kwa vipande vifupi. Asilimia 25 maana yake ni kwamba ukisogea mita 100 kwa usawa, umeshuka mita 25. Maneno ya kuyatilia shaka hapo ni "vipande vifupi". Marekani hali ni nyingine: kila mlima hulinganisha njia zake zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo duara la kijani la mlima mkubwa na mkali linaweza kukushinda wakati mraba wa bluu wa kilima kidogo ungeumudu.

Mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa sana namna wastani unavyodanganya. Panda basi Mtwara mjini, pitia Tandahimba hadi Newala: Uwanda wa Makonde unainuka taratibu, na safari nzima hutahisi kama unapanda mlima. Kisha simama Newala kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, uone ardhi ilivyokatika. Uwanda ni huohuo mmoja. Ungeulizwa mteremko wake kwa wastani, ungejibu nini?

Hesabu ya dakika tano

Ramani inayogawiwa bure kwenye kituo cha skii ni mchoro. Mchoraji huupinda na kuulaza mlima ili njia zote zionekane kwenye karatasi moja, ndiyo maana ukuta unaweza kuonekana kama uwanja wa mpira. Itumie kujua njia ipi inaungana na ipi, usiitumie kupima ukali. Ukali upime kwa ramani ya simu yenye mistari ya kontua, ile tuliyofundishwa kwenye jiografia.

Tuseme chini ya lifti ni mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, juu ni mita 1,650, na njia ina urefu wa kilomita 2. Umeshuka mita 250 katika mita 2,000, yaani asilimia 12.5. Inavutia. Lakini tazama vizuri: mita 800 za mwanzo ni barabara ya msituni inayoshuka mita 20 tu. Zimebaki mita 230 za kushuka katika mita 1,200, karibu asilimia 19. Halafu mahali fulani kontua zimebanana: mita 60 ndani ya mita 200. Hapo ni asilimia 30, na kwa mtu wa siku ya kwanza asilimia 30 ni ukuta. Njia ileile ya "12.5" sasa umeijua. Kwa siku ya kwanza tafuta njia ambayo hata kipande chake kibaya hakifiki asilimia 15; siku ya pili au ya tatu, 20.

Ukishapima, weka kidole kwenye kichwa cha lifti, ushuke nacho hadi chini. Kidole kisiguse rangi ya juu kuliko yako popote. Kosa la kawaida ni bluu inayomwagikia kwenye nyekundu katikati ya mlima: umeshapita nusu, hakuna lifti ya kukurudisha, na nyekundu ndiyo pekee iliyobaki. Mistari ya nukta au ya kukatikakatika mara nyingi ni mapito yasiyosawazishwa na mitambo wala kukaguliwa na waokoaji wa mlimani. Hayo si yako, hata kama uliyefuatana naye ameyapita mara 20.

Kuna pia balaa la njia tambarare. Barabara nyembamba inayozunguka mlima huandikwa kijani kwa kuwa haina mteremko mkali, lakini ina upana wa mita 4 au 5, upande mmoja ni mwamba na mwingine ni korongo. Mwanafunzi anayejizuia kwa kabari, yaani kwa kuzikaribisha ncha za mbele za skii na kuzitanua nyuma ili apunguze kasi, anahitaji upana, maana skii zake zimetanuka nyuma. Na barabara ikilala kabisa, anasimama, anaanza kujisukuma kwa fimbo kama mtu anayepiga pondo mtumbwi uliokwama kwenye maji machache, na mikono inakwisha kabla ya safari. Kati ya barabara nyembamba ya kijani na uwanja mpana wa bluu laini, chukua uwanja mpana.

Chagua lifti kabla ya njia

Swali la kwanza si "nitashukaje?" bali "nikighairi, nitarudije?" Gondola, lile behewa linalofungwa mlango, hukushusha kama lilivyokupandisha. Lifti ya viti mara nyingi pia, ukimwomba anayeiendesha. Lifti ya kukokota, ile yenye kijiti cha kuweka nyuma ya mapaja, haishushi mtu. Kwa hiyo siku ya kwanza usipande lifti ya kukokota ndefu ambayo juu yake huna njia uliyokwisha kuiona kwa macho.

Anza na mkanda unaotembea, zulia la mpira linalokubeba ukiwa umesimama. Ukihamia kwenye viti, mwambie mwendeshaji kuwa ni mara yako ya kwanza, ataipunguza kasi. Kushuka kwenye kiti ndiko kunakowaangusha wengi: inua ncha za skii, subiri zikanyage theluji, simama, na uende mbele moja kwa moja bila kugeuka mpaka umewapisha wa nyuma. Kwenye lifti ya kukokota kosa ni kukaa. Kile kijiti si kiti; kinakusukuma. Ukikikalia, utakaa chini. Ukianguka, kiachie na ujiviringishe pembeni haraka kabla anayefuata hajakufikia.

Njia ya asubuhi si njia ya alasiri

Mvuvi wa Mikindani haulizi tu mahali pa kuvua, anauliza maji yanajaa au yanakupwa. Mlima nao una saa zake. Usiku mitambo husawazisha theluji, kwa hiyo asubuhi njia ni laini kama meza lakini ngumu. Mchana watu wameshaichimba, theluji imekusanyika kwenye vichuguu na kati yake barafu imetokeza. Vichuguu hivyo humtupa mgeni huku na huko, na ndiyo sababu njia uliyoimudu saa nne asubuhi inaweza kukushinda saa tisa alasiri bila wewe kuharibu chochote.

Kuanzia Machi jua hupindua mambo. Miteremko inayotazama kusini huko Ulaya huyeyuka mchana na kuganda usiku. Asubuhi ni kioo. Ngoja hadi saa nne au saa tano ilainike kidogo, lakini usingoje hadi iwe uji mzito, maana skii zikizama kwenye uji huo mwili unaendelea mbele na goti linabaki.

Ukungu au mawingu mazito yakifuta vivuli, ardhi na anga huwa rangi moja na huoni shimo mpaka umeliingia. Siku hiyo usiende kwenye uwanda wa juu usio na miti. Chagua njia inayopita msituni, kwa sababu mashina meusi hukupa mahali pa kupimia macho.

Lifti nyingi katikati ya majira ya baridi hufungwa yapata saa kumi alasiri. Wewe maliza saa nane. Miguu iliyochoka haikuarifu mapema, na njia ya mwisho inayorudi kijijini huwa imejaa watu wenye haraka juu ya barafu iliyokwanguliwa. Wenyeji wengi wataipita; wewe rudi na gondola bila aibu.

Kabla ya kuondoka kwenye uwanja wa wanafunzi

Chukua mwalimu walau kwa saa mbili za kwanza. Rafiki anayejua skii si mwalimu, na urafiki mwingi umevunjikia mlimani. Kisha jipime: unaweza kusimama pale unapotaka, mara tatu mfululizo? Unaweza kugeuka kushoto na kulia? Kwa kabari, ncha za mbele hukaribiana bila kupandana, visigino vya skii hutanuka, magoti hukunjwa kidogo, uzito mbele ya viatu. Kuegemea nyuma ndilo kosa kuu la mwoga. Mwili hudhani unaukimbia mteremko, kumbe umeziondolea uzito ncha za mbele, na skii hazigeuki tena. Mtu asiyeweza kugeuka upande mmoja hana njia ya kumfaa nje ya uwanja huo.

Kwenye duka la kukodisha sema uzito wako wa kweli, urefu, umri, na kwamba hujui. Kifungio cha kiatu huwekwa kwa namba hizo: kikikazwa kupita kiasi hakitafunguka ukianguka, na mguu ndio utakaojipinda. Kiatu kibane bila kuumiza, kisigino kisinyanyuke. Vaa soksi moja tu. Watu wa pwani huvaa mbili au tatu kwa kuogopa baridi, damu inabanwa, vidole vinakufa ganzi zaidi. Suruali ya jinzi hunyonya maji ikaganda, iache. Kofia ngumu na miwani ni lazima, na mafuta ya kukinga jua pia: theluji hurudisha mwanga usoni kama bahari ya saa saba mchana, na ngozi nyeusi nayo huungua.

Ukijikuta umekosea

Aliye chini yako ana haki ya njia. Wewe uliye juu ndiye wa kumkwepa. Ukitaka kusimama, simama pembeni, mahali ambapo anayetoka juu atakuona, kamwe usisimame chini ya kichuguu au penye kona nyembamba.

Ukifika ukingoni na chini pamekushinda, weka skii zikingamane na mteremko, ubavu uelekee chini. Zilaze kidogo zitelezee kwa ubavu. Zikikimbia, inamisha magoti upande wa juu wa mlima, kingo zitang'ata na utasimama. Mita 60 za mteremko mkali hupitika hivyo bila kugeuka hata mara moja. Ikishindikana, vua skii, zibebe, ushuke kwa miguu pembezoni kabisa mwa njia, ukikanyaga kwa visigino. Usikate msituni kutafuta mkato: nje ya nguzo theluji ni ya kina na hakuna anayekutafuta huko.

Ukiumia Ulaya piga 112, utaje jina au namba ya njia na namba iliyo kwenye nguzo ya karibu. Kwenye njia za Ufaransa namba hizo hupungua kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ukiona 3 ujue umebakiza kidogo. Anayekusaidia achomeke skii mbili za msalaba hatua kadhaa juu yako ili wanaokuja wakwepe. Bima iwe imekatwa tangu nyumbani na iwe imeandika wazi kwamba inalipia uokoaji wa mlimani, maana helikopta haimsubiri mtu akachange kwa ndugu.