Kulinasa wimbi la uso kwenye matabaka yenye grafini, kwa kompyuta kwanza

Wimbi la uso ni mwanga unaosafiri ukiwa umebanwa kwenye uso wa juu wa matabaka, na grafini ni karatasi nyembamba ya kaboni. Wengi wanaoanza kulitafuta wanakwama sehemu moja, wanapiga hesabu ya mwanga unaoakisiwa wanaona mstari umelala tu kwenye asilimia 100, hakuna bonde (pembe ambapo mwanga unaorudi unashuka), wanadhani programu ina makosa. Programu iko poa. Kwenye pembe kubwa tunazotumia hapa, matabaka yasiyofyonza mwanga yanaurudisha wote, wimbi la uso lipo ila halionekani, na ndo kazi ya grafini hapo, inafyonza kidogo bonde linatokea.

Tuseme mwanga wa nanomita 1550, silikoni (n, yani kipimo cha kupinda mwanga, 3.48) na silika (n 1.44) zinapishana, prizimu chini, grafini juu, halafu hewa. Kwa unene wa kila tabaka usikimbilie λ/4n (λ ni urefu wa wimbi la mwanga), hiyo ni ya mwanga unaoingia wima, itakupa silika ya nm 269. Hapa mwanga unaenda kiubavu kwa hiyo gawanya λ kwa 4√(n²−N²), N ni kama n ila ya lile wimbi la uso unalotafuta na lazima izidi 1 la sivyo linatorokea hewani. Kwa N ya 1.1 silika inafika kama nm 417, silikoni nm 117. Silikoni haijali sana, silika ndo inaharibu mambo.

Tabaka la mwisho juu lipunguze unene, unene wake ndo unaamua wimbi likae wapi.

Grafini mi siiweki kama tabaka, ni atomi moja tu unene. Iweke kama mpaka wenye upitishaji umeme σ, tumia polaraizesheni ya s (uga wa umeme uko sambamba na matabaka), uga wa umeme unaendelea vilevile ila wa sumaku unaruka kwa σE. Anza na σ = e²/4ħ (e ni chaji ya elektroni, ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π), yani siemens 6.08×10⁻⁵, ndo ile inayofyonza asilimia 2.3 grafini ikiwa peke yake hewani. Ila ukipandisha nishati ya Fermi (kiwango cha nishati ambacho elektroni zimejaza) kwa volti ikapita eV 0.4 σ hiyo haifai tena, maana fotoni ya nm 1550 ina eV 0.8 na grafini karibu haiifyonzi.

Kwa prizimu ya n 1.5 pitia pembe kuanzia digrii 42, N ya 1.1 iko karibu na 47. Hatua ziwe ndogo sana, bonde ni jembamba utaliruka bila kujua.

Bonde halishuki vizuri? Cheza na idadi ya jozi za silikoni na silika. Zikizidi mwanga haufiki juu, zikipungua wimbi linavuja kurudi kwenye prizimu kabla halijafyonzwa, na linagusa sifuri pale kuvuja na kufyonzwa vinapolingana. Anza na jozi chache, ongeza moja moja.