Kabla ya kurudi kazini: maziwa ya kukamua na kinga iliyomo

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Anayeishi Mwanga na kufanya kazi Ujiji, zote Kigoma mjini, anaweza kwenda kunyonyesha na kurudi. Aliyepangiwa mbali, Uvinza au Sikonge, huku mtoto amebaki mjini itabidi akamue, na kabla hajanunua chombo chochote ajue kwamba kinga ya maziwa huharibiwa zaidi na moto kuliko baridi.

Kinga hiyo imo hasa kwenye protini. Kingamwili za IgA hutanda utumboni na kuzuia vijidudu visishike ukuta wake, laktoferini huwanyima bakteria madini ya chuma, na lisozimu huvunja kuta zao. Protini hufanya kazi kwa umbo lake, na joto kali hulivuruga umbo hilo. Benki za maziwa hupasha maziwa kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30, na hata hapo laktoferini kwa kawaida hupungua kwa zaidi ya nusu; IgA nayo hupungua, ingawa si kwa kiasi hicho. Benki hukubali hasara hiyo kwa sababu maziwa yanakwenda kwa mtoto wa mama mwingine. Wewe huna sababu hiyo. Kwa hiyo zungumza mapema na bibi au dada atakayebaki na mtoto: maziwa haya hayachemshwi kama ya ng'ombe, hata kwa nia njema.

Mama anayeishi na VVU na anayemeza ARV bila kukosa hunyonyesha kama kawaida. Kupasha maziwa ni hatua ya muda, kwa mfano dawa zikikatika, na huamuliwa kliniki.

Friji ya nyuzi 4 ndiyo rafiki mkubwa: kwa siku nne IgA na laktoferini hubaki karibu zilivyokuwa. Weka kipimajoto ndani kwa siku mbili tatu kabla ya kuiamini, na chupa zikae nyuma, si mlangoni. Friza hutunza IgA vizuri, lakini laktoferini hupungua kadiri miezi inavyopita, na chembe hai nyeupe hufa maziwa yakiganda. Usigandishe basi kitakachonywewa ndani ya siku nne. Cha akiba kigandishwe kwa mafungu ya mililita 60 hadi 120, kila chupa ikiandikwa tarehe na kuachwa nafasi juu, maana maziwa hutanuka.

Bila friji, muda wa saa nne unaotajwa sana ni wa chumba kisichozidi nyuzi 25. Mchana wa Oktoba Tabora hupita 30, kwa hiyo hesabu saa tatu, tena kama mikono na chombo vilikuwa safi. Joto la chumba halivunji kingamwili, ila linazalisha bakteria. Kazini, deli lenye vipande vya barafu vilivyoganda kabisa linatosha siku nzima.

Umeme ukikatika, usifungue. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu 24, na ndiyo maana nafasi tupu hujazwa chupa za maji. Maziwa yenye chembe za barafu bado yanaweza kugandishwa tena. Yaliyoyeyuka kabisa yakae kwenye friji na yaishe ndani ya saa 24.

Kuyeyusha nako kuna hatari yake: maikrowevu hupasha kwa mabaka, sehemu moja ikaungua huku nyingine ya baridi. Acha chupa kwenye friji usiku kucha, au itumbukize kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Krimu ikijitenga juu, zungusha chupa taratibu. Harufu ya sabuni hutokana na kimeng'enya kinachovunja mafuta, na maziwa hayo ni salama. Mpe mtoto kwa kikombe. Anachobakiza kimwagwe baada ya saa mbili.