Kabla hujapanda ndege kwenda kusoma Ujerumani

Anza na pesa, mabegi baadaye. Ubalozi utataka kuona akaunti iliyofungwa, yaani akaunti yenye pesa zako za kujikimu ambazo huwezi kuzitoa zote kwa mkupuo. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Ukishafika, benki inakuachia 992 tu kila mwezi, hata ulie. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Chumba ndicho kilichonitoa jasho. Nilijibanza kwa mwanafunzi mwenzangu, halafu mwenye nyumba akagoma kunisainia karatasi ya kuthibitisha kwamba naishi pale. Bila karatasi hiyo kujiandikisha manispaa hakuendi, na sheria inakupa wiki mbili tu tangu uhamie. Nikawa nazunguka na bahasha yangu kama tarishi. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, uliza: "Utanisainia?" Akisitasita, aga uondoke.

Ukipata chumba, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyohiyo. Mleta barua asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Yangu ya bima ilirudi mara mbili.