Bustani ya nyuma ya nyumba kabla ya masika

Hapa Morogoro masika huanza Machi, kwa hiyo kazi naianza Februari, jua likiwa bado kali. Cha kwanza ni kujua maji yatapita wapi. Chimba mtaro upande wa juu wa bustani, kisha inua matuta yafike sentimita 20 hivi. Mpapai hasa haupendi kusimamiwa na maji: majani ya chini yanageuka njano, yanalegea, na ukichimbua unakuta mizizi imeoza.

Samadi iwe imeoza kweli. Ishike mkononi. Kama bado ina joto au inanuka mkojo, iache kwanza. Iliyo tayari ni nyeusi, inamomonyoka, inanuka udongo. Changanya ndoo moja kwa kila mita ya mraba.

Matembele chomeka marando mvua za kwanza zikishalowanisha ardhi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo unyunyize, la sivyo zinaota fungu moja.

Nyanya mimi masika sipandi, majirani wanibishie wanavyotaka. Unyevu ule ni karamu ya ukungu. Mbegu zake nazisia kitaluni Mei.