Kabla hujagusa skrubu ya katriji: maandalizi ya gramafoni ya zamani

Tabora ni mji wa santuri ndogo. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitokea hapa, na nyimbo za bendi kama hizo zilifika majumbani kwenye santuri za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Ndizo ninazoletewa mara nyingi. Mzee mmoja wa Kanyenye alinikabidhi bahasha ya santuri tatu akasema, "Mwanangu, gitaa la marehemu kaka yangu limebaki humu tu." Nilimwitikia, "Sawa mzee wangu, nitaitunza," na siku ile sikuzipiga. Sindano iliyokaa upande huchuna kuta za mfereji, na kilichochunwa hakirudi.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi ili kupanga katriji, yaani kile kidude cha kichwani mwa mkono kinachoshika sindano, jiulize utapiga santuri zipi. Mkono wa gramafoni huzunguka kwenye egemeo lake kama mlango kwenye bawaba, lakini mashine iliyochonga santuri ilikwenda moja kwa moja kuelekea katikati. Ndiyo maana sindano hulingana sawasawa na mfereji mahali pawili tu. Kwingine kote inapinda kidogo. Erik Löfgren wa Uswidi alichapisha hesabu za kupunguza kupinda huko mwaka 1938, mtafiti mwingine, Baerwald, akafuata mwaka 1941, na kipimo kinachotumika sana hadi leo kinaweka sehemu hizo mbili kwenye milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Sasa chukua rula upime santuri ya inchi 7: kutoka katikati hadi ukingoni haifiki hata milimita 89. Sehemu ya pili inaangukia hewani! Kipimo kingine, kiitwacho cha Stevenson, kinaisogeza ile ya ndani hadi milimita 60.3, karibu na wimbo unapoishia, ambako mawimbi ya sauti ndani ya mfereji yamebanana na sauti hukwaruza upesi. Nyumba yenye santuri ndogo peke yake, mimi huipangia Stevenson. Yenye santuri kubwa nyingi, hubaki na 66 na 120.9.

Santuri nzito za mara 78, zile zinazovunjika kama kigae, zina habari yake. Mfereji wake ni mpana, unahitaji sindano nene mara tatu hadi nne kuliko ya santuri za plastiki, kwa hiyo andaa sindano ya pili. Usizisafishe kwa spiriti hata tone moja, maana spiriti huyeyusha utomvu uliotumika kuzitengeneza.

Kama mashine bado iko Dar es Salaam inasubiri treni au basi, piga simu mapema. Uzito wa nyuma ya mkono uchomolewe, sinia litolewe na kufungwa peke yake, mkono ufungwe kwa kitambaa laini kwenye pumziko lake. Ikifika, soma kibao cha umeme kabla ya kuchomeka. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na yetu ni 230. Transfoma itashusha volti, ila haibadilishi mizunguko ya umeme: gramafoni ya Marekani ambayo mota yake hufuata mizunguko 60 kwa sekunde itaburuza kwenye 50 yetu, na santuri ya mara 33⅓ itazunguka kama mara 28. Hilo limalizwe kwanza. Hakuna faida ya kupanga sindano ya mashine isiyokwenda.

Kisha ukague mkono wenyewe. Ushike kwa vidole viwili karibu na egemeo, uutikise kwa upole mno. Ukisikia linacheza, hata kidogo, bado hujafikia hatua ya kupanga, egemeo litengenezwe. Angalia pia kama kichwa kina matundu marefu ya kusogezea katriji. Gramafoni nyingi za sanduku hazina, katriji imekaa pale kiwanda kilipoiweka, na kazi yako itakuwa sindano mpya na uzito sahihi basi. Sindano itazame kwa kioo cha kukuzia. Raba inayoshika kijiti chake hukauka kwa miaka, na kijiti kilicholala upande hakipangiki.

Karatasi ya kipimo, ile yenye alama za sehemu zile mbili, ndiyo inayowaponza wengi. Unaichapisha steshonari, mashine inaupunguza ukurasa kidogo ili utoshe, na milimita zote zinakuwa za uongo. Mwombe kijana achapishe kwa asilimia 100, halafu pima mstari wa milimita 100 kwa rula ya chuma palepale kaunta. Ukipungua, rudia. Tundu la katikati litobolewe libane kipini cha sinia bila kucheza.

Ili kupima uzito wa sindano juu ya santuri, tafuta mizani ndogo kama ya sonara, inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Katriji nyingi za sumaku hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5, zile kongwe za kauri hutaka 5 na zaidi. Fuata karatasi ya maelezo ya katriji yako. Sahani ya mizani ikiwa ya chuma kinachonasa sumaku, itaivuta katriji na kukudanganya, hivyo weka kipande cha mbao juu yake, usome sifuri, ndipo ushushe sindano. Pima maji ya fundi mwashi inatosha kusawazisha meza.

Nyaya nne za kichwani zivutwe kwa kibano kwenye vishikizo vyake, kamwe si kwenye waya. Nyeupe na bluu ni za sauti ya kushoto, nyekundu na kijani za sauti ya kulia. Ukihitaji kulehemu, lehemu waya ukiwa umetoka kwenye katriji, joto huiua. Kifuniko cha sindano kikae mahali pake hadi skrubu zote mbili zishike.

Kazi yenyewe haihitaji umeme. Mimi huipangia asubuhi, dirishani, feni imezimwa, mikono ya shati imekunjwa juu ya kiwiko. Ukishasogeza katriji, uzito hubadilika, kwa hiyo pima tena mwishoni. Na uwe na santuri ya kujaribia, iliyokwisha kuchubuka, ya kuwekwa kabla ya nyingine yoyote. Santuri za yule mzee zilisubiri siku nne kwenye bahasha yake.