Jinsi ya kutambua konokono-bahari wa jenasi Littorina hadi spishi

Usianze na rangi. Spishi moja tu, Littorina saxatilis, imewahi kupewa majina zaidi ya 100 kwa sababu gamba lake hubadilika mno: penye kaa huwa kubwa na nene, penye mawimbi makali huwa dogo, jembamba, lenye mdomo mpana.

Hakikisha kwanza familia ni Littorinidae (ngeli Gastropoda, oda Littorinimorpha). Geuza gamba utazame mdomo. Ukiona mng'ao wa lulu kwa ndani, huyo ni wa familia nyingine, Trochidae. Ukiona mfereji kwenye ncha ya chini ya mdomo, huenda ni Nucella lapillus, mla wanyama wenzake. Littorinidae wana mdomo wa mviringo usio na mfereji, na kifuniko cha kahawia cha kuziba mdomo, chenye mizunguko michache.

Kabla ya kumbandua, andika alikuwa kimo gani cha ufuo, na alishika mwamba au mwani. Akishaingia mfukoni, habari hiyo imepotea. Kwenye pwani za Ulaya, weusi wadogo wasiofika milimita 10, waliojibana kwenye nyufa za juu kabisa, kwa kawaida ni Melarhaphe neritoides. Wenye kilele bapa juu ya mwani wa kahawia ni L. obtusata au L. fabalis.

L. littorea na L. saxatilis ndio wanaochanganywa zaidi, hasa littorea wachanga, kwani nao wana matuta kwenye gamba. Tazama ukingo wa nje wa mdomo unapokutana na mzunguko mkubwa wa mwisho wa gamba: kwa littorea hukutana kwa pembe kali, kwa saxatilis karibu pembe mraba. Kisha mweke kwenye kisahani cha maji ya bahari, usubiri atoe kichwa, utumie lenzi ya kukuza mara 10. Vipapasio vya littorea vina mistari inayokatiza; vya saxatilis vina mistari ya kwenda urefu.

Spishi zilizobaki hutenganishwa kwa viungo vya uzazi. Yeyusha gramu 75 za kloridi ya magnesi (ile yenye maji ndani ya fuwele) katika lita 1 ya maji baridi yasiyo ya chumvi, umlaze humo mpaka alegee. Ukiruka hatua hii atajikunja, hutaona kitu. Pasua gamba kwa jiliwa, polepole.

Uume uko nyuma ya kipapasio cha kulia. Wa fabalis una ncha ndefu kama uzi na tezi za mstari mmoja. Wa obtusata una ncha fupi na tezi nyingi zaidi. Jike la saxatilis hubeba vitoto vyenye magamba tayari, ilhali jike la L. arcana lina tezi ya ute na hutaga mayai. Madume ya hizi mbili ni vigumu kuyatofautisha, kwa hiyo yaandike "saxatilis/arcana" bila aibu.

Ukikuta tezi ya mmeng'enyo imejaa minyoo, weka kielelezo hicho kando: vimelea hivyo hudumaza uume na kuharibu kifuko cha vitoto. Nje ya msimu wa kujamiiana pia uume husinyaa.

Kwa kazi ya DNA hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95, gamba likiwa limepasuliwa, la sivyo kifuniko kitazuia ethanoli na nyama itaoza ndani. Formalini iepuke: huharibu DNA, na ikiwa na asidi hula gamba.